Hesabu ya Wanafunzi na Deni la Masomo: Nairobi, Dar es Salaam na Masisi, 1952–2025

Utangulizi

Anayetaka kukadiria idadi ya vijana watakaobisha hodi katika vyuo vikuu miaka kumi ijayo hulazimika kwanza kujua idadi ya watoto walioko katika madarasa ya chini hivi leo, na ili aijue hiyo hulazimika kuwa na sensa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilifanya sensa yake ya pekee iliyokamilika kwa taratibu za kitaalamu mwezi Julai 1984, na watu wapatao milioni 30 walihesabiwa. Hadi kufikia mwaka 2025 sensa nyingine haikuwa imefanyika. Kwa hiyo takwimu yoyote inayotolewa kuhusu vijana wa Masisi na Walikale, wilaya mbili za mkoa wa Kivu ya Kaskazini, imekuzwa kutokana na mbegu iliyopandwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Wanafunzi wanaohusika hawakuwa wamezaliwa, na baadhi ya wazazi wao pia.

Makala haya yanafuatilia historia ya makadirio ya udahili, na ya mikopo inayoambatana nao, katika nchi tatu ambamo Kiswahili husemwa darasani, sokoni na kambini. Masisi imewekwa pamoja na Nairobi na Dar es Salaam kwa sababu maalumu. Bodi ya mikopo, popote ilipo, husimama juu ya masharti matatu ambayo wataalamu huyachukulia kuwa ya kawaida mno hata hawayataji: watu waliohesabiwa na wakakubaliana na hesabu hiyo, makazi yanayojulikana, na mshahara unaolipwa mwisho wa mwezi. Katika Masisi masharti yote matatu yamekosekana kwa pamoja. Hata hivyo vijana wa huko wamekwenda vyuoni, na wamekwenda kwa kukopa.

Makadirio kwa ajili ya ofisi

Katika Kongo ya Wabelgiji elimu ya juu ilichelewa kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na kile cha serikali kikafunguliwa Elisabethville mwaka 1956. Kati ya miaka hiyo miwili, mwishoni mwa 1955, Jef van Bilsen, mwalimu katika chuo cha Antwerp kilichofundisha mambo ya makoloni, alitoa mpango wa miaka 30 wa kuwaandaa Waafrika wa himaya ya Ubelgiji kwa ajili ya kujitawala. Wakoloni wengi walikasirika. Waliona miaka 30 ni michache kupita kiasi. Ukweli ni kwamba uhuru ulifika tarehe 30 Juni 1960, yaani chini ya miaka mitano baadaye, na Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu siku hiyo hawakufika 30. Mapadri waliosoma seminari walikuwa wengi zaidi kwa mamia, lakini hao hawakuwa wameandaliwa kushika wizara.

Upande wa Tanganyika makadirio yalifanywa baada ya uhuru, na yalifanywa kwa haraka ya mtu aliyekwisha kuona yaliyompata jirani. Mwaka 1963 ilichapishwa ripoti ya George Tobias kuhusu mahitaji ya wataalamu wa ngazi ya juu kwa kipindi cha 1962 hadi 1967. Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza 1964, ukaweka lengo kwamba kufikia mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Njia iliyotumika ilikuwa na mantiki. Mkadiriaji huorodhesha nafasi za kazi zilizopo, huziongezea ukuaji wa uchumi unaotarajiwa, huongeza nafasi zitakazoachwa na wageni na wastaafu, kisha huigeuza jumla hiyo kuwa idadi ya viti darasani. Chuo kilichoanza Dar es Salaam Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria kilikuzwa kwa kufuata hesabu za namna hiyo, na serikali ikawalipia wanafunzi gharama zao kwa sharti kwamba wangeitumikia baada ya kuhitimu.

Ikumbukwe kwamba hilo nalo lilikuwa deni, ila lililipwa kwa kazi. Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, jambo lililowaudhi zaidi lilikuwa kwamba kwa miezi 18 ya utumishi huo wangepokea asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwafukuza wanafunzi wapatao 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Simulizi ya siku ile husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha wasomi na majivuno yao. Inafaa isomwe pia kama mgogoro wa kwanza wa marejesho katika historia ya chuo hicho: taifa lilidai fedha iliyotumika, na waliosomeshwa walisema hawakuambiwa bei mapema. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikaza kamba zaidi, kwa kutaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuomba nafasi chuoni. Idadi ya waombaji ikawa inaamuliwa na azimio la chama kuliko na shule zilizowalea.

Udhaifu wa makadirio hayo haukuwa katika kuzidisha na kutoa. Ulikuwa katika swali lenyewe. Wakadiriaji waliuliza ofisi zinahitaji watu wangapi. Hawakuuliza ni wazazi wangapi watataka watoto wao wasome. Maadamu shule za sekondari zilikuwa chache, maswali hayo mawili yalielekea kutoa jibu moja. Zilipoongezeka, yakaachana.

Mfuko unaozunguka

Kenya inatoa mfano ulio wazi zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoanza kukopesha mapema. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda mfuko wa mikopo kwa ajili ya vijana waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 serikali huru ilianzisha mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, ili fedha inayorejeshwa na waliohitimu iwakopeshe wanaoingia. Mfuko wa namna hiyo huitwa mfuko unaozunguka, na watu husadiki kwa urahisi kwamba baada ya miaka michache utajitegemea.

Hesabu rahisi ya kubuni inaonyesha ugumu wake. Tuseme kila mwaka wanaingia wanafunzi 1,000, kila mmoja anakopa shilingi 100 kwa mwaka kwa miaka 3, kisha analipa deni lake la shilingi 300 kwa miaka 10 bila riba. Katika mwaka wa 4 mfuko unatoa shilingi 300,000 na kupokea 30,000, yaani sehemu moja ya kumi. Mapokezi yatalingana na matoleo katika mwaka wa 13 tu, na hiyo ni endapo hakuna aliyekufa, hakuna aliyehama, hakuna aliyekosa kazi, bei hazikupanda na, zaidi ya yote, idadi ya wanaoingia haikuongezeka. Wakipewa muda wa kutafuta kazi kabla ya kuanza kulipa, mizani inasogea mbele zaidi.

Kama kalenda hiyo ya kubuni ingewekwa juu ya mpango wa 1974, mwaka wa 13 ungekuwa 1986. Mwaka uliofuata, 1987, vyuo vikuu vya Kenya vilipokea makundi mawili ya wanafunzi kwa mpigo, kwa sababu Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kufuatia jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 na foleni ilikuwa haijaisha. Mwaka 1990 makundi mawili yalipokewa tena. Lile la 1987 lingeweza kuitwa ajali, kwa kuwa hakuna mpangaji anayeandika jaribio la mapinduzi katika jedwali lake. La 1990 halikuwa ajali hata kidogo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ilikuwa tayari inajulikana kwamba darasa la kwanza la mfumo mpya lingefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1989, na kwamba darasa la mwisho la kidato cha sita lingefanya wake mwaka huohuo. Kila mwalimu wa hesabu aliweza kuliona jambo hilo kwa kuhesabu vidole. Mabweni yaliyofurika, mihadhara iliyosikilizwa kutoka dirishani na fedha za mikopo zilizochelewa zilitokana na hesabu iliyofanyika vizuri ikabaki kwenye karatasi. Katika mwaka wa masomo wa 1991/92 wanafunzi walitakiwa kulipa ada ya shilingi 6,000, na mwaka 1995 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyokabidhiwa pia kazi ya kuwatafuta wadaiwa wa tangu 1974.

Tanzania ilipita njia hiyohiyo kwa mwendo wa polepole. Uchangiaji wa gharama ulitangazwa mwaka 1988 na kuanza 1992. Mikopo ya chakula na malazi ilifuata 1994. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya 2004 na kuanza kazi 2005. Kwa mwanaisimu kipindi hicho kina utamu wake. Neno mkopo lilipoingia katika karatasi za wizara, wanafunzi wenyewe waliendelea kuiita fedha hiyo bumu, neno lenye mlio wa kitu kinachoanguka ghafla kutoka juu. Mtu hadaiwi kilichomwangukia. Pengine wataalamu wa marejesho wangejifunza mengi kwa kusikiliza msamiati wa mabwenini kuliko kwa kutazama mikataba iliyotiwa sahihi.

Wimbi lenyewe halikufichika. Ada ya shule za msingi ilifutwa Tanzania kuanzia 2002. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka huo, kama hakukwama popote, alimaliza darasa la saba 2008, kidato cha nne 2012 na kidato cha sita 2015. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa ili mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mdaiwa, badala ya asilimia 8 iliyokuwa ikikatwa hapo awali. Malalamiko yalikuwa makubwa. Lakini makato hayo, yawe haki au yasiwe, yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na mwajiri wa kuandikiwa barua na orodha ya mishahara ya kupekua.

Masisi: ni nani ahesabiwe?

Orodha hiyo ndiyo isiyopatikana Masisi, na kukosekana kwake kuna historia ndefu kuliko ya vyuo vikuu. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji uliendesha mpango wa kuwahamisha Wanyarwanda kutoka nchi yao yenye msongamano na kuwapa makazi katika nyanda za juu za Masisi, hususan Gishari, kwenye ardhi ya machifu wa Kihunde. Mpango huo ulikuwa wa makadirio mtindo mmoja: kaya kadhaa kwa eneo kadhaa la ardhi, na mikono kadhaa kwa mashamba na migodi. Waliouandika hawakukadiria watoto, wala swali ambalo watoto hao wangekuja kuulizwa, kwamba wao ni raia wa wapi. Sheria ya 1972 iliwapa wengi wao uraia. Sheria ya 1981 ikauondoa. Mwaka 1991 serikali ilipojaribu kuwatambua raia nyumba kwa nyumba, zoezi hilo lilivurugika Masisi, kwa kuwa kila upande ulijua kwamba anayeandikwa leo ndiye atakayepiga kura na kudai shamba kesho. Machi 1993 mauaji yalianzia katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu waliuawa na wengine wengi zaidi wakahama.

Kwa mtaalamu wa takwimu aliyeko Nairobi, kosa la kuhesabu husahihishwa katika toleo lijalo. Kwa mwalimu mkuu wa Masisi, kuandika majina ya wanafunzi na mahali walipozaliwa kuliweza kusomwa kama kuchukua upande. Haishangazi kwamba daftari la shule lilibaki kuwa kumbukumbu yenye mashaka hata pale lilipoandikwa kwa uaminifu.

Mwaka huohuo wa 1993 sarafu nayo ilikufa. Oktoba serikali ya Zaire ilitoa zaire mpya, na moja ililingana na zaire za zamani 3,000,000. Hakuna mfuko wa mikopo unaoweza kustahimili jambo hilo: aliyekopeshwa milioni 3 angeimaliza kazi ya kulipa kwa noti moja. Enzi ya Chuo Kikuu cha Taifa, kilichounganishwa 1971 na kugawanywa tena 1981 kuwa vyuo vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, wanafunzi wa Zaire walikuwa wamezoea burse, yaani ruzuku ya serikali. Burse hiyo ilinyauka katika miaka ya 1980 na kukatika katika miaka ya 1990, lakini mahali pake hapakuwekwa mkopo wa serikali. Aliyewekwa mahali pake ni mzazi. Ni yeye aliyelipa minervali ya chuo, na ni yeye tena aliyelipa primu, nyongeza ya kumlisha mwalimu wa shule ya msingi na sekondari ambaye serikali ilikuwa imeacha kumlipa.

Wakati huohuo vyuo viliongezeka. Kanisa la Kiprotestanti lilikuwa limeanzisha Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu mjini Goma mwaka 1985. Wakatoliki wakafungua Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Goma kilianza 1993 kama tawi la Kisangani na kujitegemea 2004. Kama wakadiriaji wa mwaka 1963 wangeulizwa, wangesema kwamba nchi ambayo ajira ya serikali inaporomoka haihitaji viti vipya. Viti viliongezeka hata hivyo, na vikapata wa kuvikalia. Katika vita na vurugu, ng'ombe huibwa na shamba hunyang'anywa, ilhali diploma husafiri na mwenyewe. Wazazi wa Masisi walilifahamu hilo kuliko mabenki.

Ng'ombe ndiye aliyekuwa benki. Malisho ya Masisi, pamoja na jibini inayouzwa hadi Goma na Kinshasa, yaliwapa wafugaji akiba isiyoyeyuka na sarafu, na mwanzo wa mwaka wa masomo ulikuwa msimu wa kuuza. Vita vya 1993 hadi 1996 viliiteketeza sehemu kubwa ya mifugo hiyo. Waliobaki bila ng'ombe walikodisha shamba la maharagwe au viazi, waliingia likelemba ambamo kila mwanachama hupokea mchango kwa zamu, walimwendea mjomba aliyeko Goma, au walimtuma kijana mwenyewe kwenye machimbo ya Rubaya au Bisie ili atafute karo yake, na wengine hawakurudi darasani. Kwa kuwa ada ya vyuo vingi hupangwa kwa dola, kila mkopaji alilazimika pia kubashiri bei ya franga.

Mkopo wa nyumbani una utaratibu wake, na unastahili kuelezwa kwa uzito uleule unaopewa mkopo wa bodi. Mdaiwa halipi fedha kwa aliyemkopesha. Anatarajiwa kumsomesha mdogo wake. Huo nao ni mfuko unaozunguka, na unatawaliwa na hesabu ileile: kifungua mimba asipopata kazi mapema, wa tatu anafika mlango wa chuo mfuko ukiwa mtupu. Tofauti ni kwamba bodi hugawanya hasara kati ya maelfu ya wakopaji, ilhali familia ina mkopaji mmoja, na akishindwa yeye imeshindwa yote. Ndiyo maana familia hukadiria kwa woga, na woga huo mara nyingi umewaacha mabinti nje, kwa madai kwamba malipo yao yatakwenda kwa wakwe. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga ilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja na mdai wake. Katika nyumba iliyomtuma mtoto mmoja chuoni kwa niaba ya watano, wanaokaa matanga ni wale wanne ambao hawakukopa.

Darasa la 2019

Septemba 2019 serikali ya Kongo ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, iliyoahidiwa na Katiba ya 2006. Watoto walifurika. Kwa mara ya kwanza tangu zamani, Masisi na Walikale zilikuwa na kundi ambalo ukuaji wake uliweza kufuatwa mwaka kwa mwaka: miaka 6 ya msingi ingeishia 2025, na miaka 6 ya sekondari ingeishia kwenye Mtihani wa Dola wa 2031. Hapo ndipo makadirio ya vyuo vya Goma yangeanzia, na ndipo hoja ya mfuko wa mikopo wa Kivu, kama ungeundwa na yeyote, ingepata namba ya kuanzia.

Lakini darasa hilo halikukaa mahali pamoja. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Aprili 2024, Masisi yenyewe Januari 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi huohuo. Walikale ilitekwa Machi na kuachwa Aprili. Mabenki ya Goma yalifungwa. Kambi za waliohama zilizouzunguka mji zilibomolewa Februari, na waliokuwamo wakaambiwa warudi walikotoka. Mwaka ambao watoto wa 2019 walipaswa kumaliza darasa la sita ndio uliowatawanya.

Baadhi ya wakubwa wao walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kwingine. Kambi ya Kiziba nchini Rwanda imewapokea wakimbizi wa Kivu ya Kaskazini tangu 1996, na makazi ya Nakivale nchini Uganda yamewapokea wengine. Tangu 1992 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi limekuwa na mpango wa ufadhili, unaoungwa mkono na Ujerumani, unaowapeleka wachache wao vyuoni. Mwanafunzi wa namna hiyo huandikwa katika jedwali la nchi iliyompokea, na deni la nyumbani lililomfikisha kidato cha mwisho haliandikwi popote. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Nyabiondo mwaka 2019, akiufikia mtihani wa 2031, anaweza kuandikishwa Masisi, Goma, Kiziba au Nakivale. Mdogo wake anayesubiri zamu yake atahesabiwa hapo atakapohesabiwa yeye.